Siku moja ya makumbusho Nairobi, na swali la binti yangu

Mtu wa Mombasa akienda Nairobi mara nyingi huwa ana haja yake. Ana faili ofisini, ana mgonjwa hospitali, au ana mzigo wa kuchukua Eastleigh. Akimaliza anarudi. Mimi nimekwenda Nairobi miaka zaidi ya ishirini sasa, na safari zangu zote zilikuwa hivyo. Likizo ya Agosti ndiyo mara ya kwanza nimekwenda kutembea tu, kutazama mji. Na sikwenda peke yangu. Tulikuwa na mke wangu, watoto wetu watatu, na mamangu mzazi ambaye ametimiza miaka 74.

Safari yenyewe aliianzisha yeye mama. Marehemu babake, babu yangu, alifanya kazi ya reli enzi za mvuke. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto wa injini kati ya Mombasa na Nairobi. Mama alipokuwa mdogo alikuwa akipelekwa stesheni kumpelekea babake kikapu cha chakula, na mpaka leo akieleza ile injini hueneza mikono na bado haimtoshi. Basi jirani mmoja akamwambia kwamba injini zile hazikuyeyushwa zote, ziko mbili zimesimamishwa Nairobi watu wanaziangalia. Mama akaniita jioni ile, akaniambia, "Mwanangu, nataka niione kabla sijafa." Mzazi akishakwambia neno kama hilo, habari ya kwamba mwezi huu mfuko umetoboka haina tena nafasi.

Nimeamua kuiandika siku hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumweleza msomaji namna familia ya kawaida inavyoweza kuzunguka makumbusho ya Nairobi kwa siku moja, na nini kilichomo cha kumhusu mtu wa Pwani. Ya pili ni swali aliloniuliza binti yangu saa kumi jioni, ambalo mpaka leo linanikera.

Kwanza niungame. Nimezaliwa na kukulia Mombasa, na Ngome ya Yesu niliiona kila siku nikienda skuli. Lakini kuingia ndani kwa mara ya kwanza niliingia nina miaka 27, tena kwa kuwasindikiza wageni waliotoka ng'ambo. Wao ndio walionieleza mimi kwamba Wareno walianza kuijenga 1593. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini siku ile mwenyeji aliona haya. Sikutaka wanangu wafike umri ule wakiwa kama mimi.

Asubuhi: injini ya babu

Tulipanda treni ya SGR ya mchana siku ya Ijumaa baada ya sala, tukafika Syokimau usiku na kulala kwa jamaa yetu South C. Jumamosi asubuhi tulikunywa chai kwa mahamri tuliyobeba kutoka nyumbani, tukavaa masweta, kwa sababu Agosti ya Nairobi haina mzaha, tukaelekea Makumbusho ya Reli. Yako karibu na stesheni kongwe katikati ya mji, na yalifunguliwa 1971.

Hapa ndipo pa kuanzia kwa mtu wa Pwani, nami nitaeleza kwa nini. Reli ndiyo iliyoizaa Nairobi, na reli ilianzia kwetu. Kazi ilianza Mombasa 1896. Ilifika mahali palipoitwa kwa Kimaasai kwa jina la maji baridi mwaka 1899, na penyewe hapakuwa na mji. Palikuwa na bonde la majimaji lililofaa kuweka mahema na karakana kabla ya kupanda milima. Reli ikafika ziwani, Kisumu ya leo, mwishoni mwa 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakaondolewa Mombasa na kupelekwa Nairobi. Kwa hivyo ukisikia mtu wa bara akikuuliza kwa nini watu wa Pwani hulalamika kwamba kila kitu kimepanda juu, mwambie malalamiko hayo yana tarehe.

Watoto walikwenda moja kwa moja kwenye behewa la simba. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba alikuwa akisumbua watu wa reli. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikaa ndani ya behewa usiku na wenzake wawili wakimvizia simba huyo. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia behewani, akamkamata na kutoka naye kupitia dirishani. Behewa lile lile liko pale Nairobi. Kijana wangu wa miaka 11 alilizunguka mara tatu akipima dirisha kwa macho. Kitindamimba wetu, ana miaka sita, alikataa kukaribia kabisa na akamshika bibi yake buibui.

Wengi huchanganya simba huyu na wale wa Tsavo. Wale wa Tsavo walikuwa wawili, na balaa lao lilikuwa 1898, wakati daraja la mto Tsavo linajengwa. Mhandisi aliyewaua, John Patterson, baadaye alifikia kutaja watu 135 walioliwa. Uchunguzi wa kisayansi uliotolewa 2009 ulikisia kama 35. Ngozi zao Patterson aliziuza kwa Field Museum ya Chicago, na huko ndiko waliko mpaka leo, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo. Kijana wangu aliposikia hivyo aliuliza, "Kwani simba wetu wanafanya nini Chicago?" Nilimwambia aliweke swali hilo, litakuja kutufaa baadaye.

Mama hakuwa na haja ya simba. Alishapita. Tulimkuta uwanjani nyuma, amesimama mbele ya injini nyekundu iliyokoza, kubwa kama nyumba za mtaa mzima, mkono ameuweka kwenye chuma. Hizo ndizo injini za aina ya Garratt, daraja la 59. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ina uzito wa tani 252 hivi, na hakuna reli ya upana wa mita moja popote duniani iliyowahi kuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizi. Siri yake ni kwamba tangi la mvuke liko katikati, na kuna seti mbili za magurudumu, mbele yake na nyuma yake, zinazoweza kupinda kila moja peke yake. Ndiyo maana iliweza kuvuta mzigo mkubwa kwenye kona na miinuko ya kutoka Mombasa bila kuvunja reli. Hazikula makaa, zilichoma mafuta mazito, na babu yangu ndiye mmoja wa wale waliokuwa wakiuangalia moto huo usiku kucha.

Injini zote 34 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilizobaki hapo ni Mount Gelai na Mount Shengena. Binti yangu mkubwa, ana miaka 14, alimsomea bibi yake kibao: jina, namba, mwaka, kiwanda. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Jina la mlima lipo. La baba halipo."

Sikuwa na la kumjibu. Si kosa la makumbusho, kwa sababu watu waliofanya kazi ile ni maelfu na kibao ni kidogo. Lakini neno hilo tulitembea nalo siku nzima.

Kabla ya adhuhuri: mtu aliyekusanya

Kutoka reli tulitembea kwa miguu mpaka Moi Avenue, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Jumba hilo la mawe zamani lilikuwa la benki, Bank of India. Watu wengi hupita mbele yake kila siku wakidhani ni ofisi ya serikali tu. Ni kweli ni ofisi, kwa sababu juu na ndani ndiko zinakotunzwa barua, ripoti na kumbukumbu za serikali tangu ukoloni. Lakini ukumbi wa chini ni makumbusho, na vitu vingi vilivyomo vilikusanywa na mtu mmoja.

Mtu huyo ni Joseph Murumbi, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya 1966 kwa miezi michache tu kisha akajitoa katika siasa. Wenzake wakikusanya mashamba, yeye na mkewe Sheila walikusanya vitabu, vinyago, nguo, mapambo, vyombo na stempu za Afrika nzima. Vitabu peke yake vilikuwa maelfu kwa maelfu. Katika miaka ya 1970 aliuza mkusanyo wake kwa serikali ili ubaki nchini, usitawanyike kwa wanunuzi wa nje. Leo unaingia kwa pesa kidogo na kuona alichokitunza.

Niliwaeleza watoto jambo moja hapo, nalo ndilo ninalotaka msomaji alishike: vitu hivi havikujileta. Makumbusho si mahali ambapo vitu vya zamani hujikusanya vyenyewe kama mchanga ufuoni. Kila kitu kilichomo kuna mtu aliyeamua kwamba kisitupwe, akakiandikia kimetoka wapi na kwa nani. Kitu kisicho na maandishi hayo, hata kiwe kizuri namna gani, kinabaki pambo. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema biashara, lakini neno lao linafika mpaka hapa.

Adhuhuri tulisali Msikiti wa Jamia, hatua chache kutoka hapo. Kwa anayesafiri na familia, mpango huu ni mzuri: mnapata pa kutia udhu kwa utulivu, wanawake wana nafasi yao, na mitaa ya karibu ina mikahawa ya halali. Tulikula pilau, mama akasema haina bizari ya kutosha, tukaendelea.

Alasiri: Makumbusho ya Taifa

Makumbusho makubwa yako juu kidogo ya mji, na ukitoka katikati ni mwendo mfupi wa matatu. Historia yake nayo inafaa kujulikana. Wazungu wapenda wanyama na mimea ndio walioanza kukusanya vitu tangu karibu 1910. Jengo la hapo lilifunguliwa 1930 likaitwa Coryndon, kwa jina la gavana Robert Coryndon aliyefariki miaka mitano kabla. Baada ya uhuru likawa la taifa. Lilifungwa kwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena 2008. Bei ya raia ni nafuu sana ukilinganisha na ya mgeni, na watoto wana bei yao, kwa hivyo beba kitambulisho. Malipo siku hizi ni kwa simu.

Uani utakutana na Ahmed. Huyu alikuwa ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akawekewa walinzi mpaka alipojifia mwenyewe kwa uzee 1974. Kilichosimama uani ni sanamu ya ukubwa wake halisi. Kitindamimba aliyemwogopa simba asiyekuwapo hapa alicheka na kutaka kupigwa picha.

Ndani, usijaribu kuona kila kitu. Hilo ni kosa ambalo familia nyingi hufanya, na mwisho wake watoto hulia na wazee huuma magoti. Tulichagua kumbi tatu: wanyama na ndege, chimbuko la binadamu, na historia ya Kenya. Bustani ya nyoka iliyo uwanja ule ule tuliiacha mwisho, kama zawadi ya aliyetulia.

Katika chimbuko la binadamu kuna habari za yule anayeitwa Mvulana wa Turkana. Mifupa yake iligunduliwa 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na wanasayansi wanaikadiria umri wa miaka milioni moja na nusu na zaidi. Mifupa ya zamani hivyo hupatikana kipande hapa na kipande pale, lakini huyu alipatikana karibu mwili mzima. Aliyeona kipande cha kwanza, kidogo mno cha rangi ya kokoto zilizokizunguka, ni Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakusoma zaidi ya miaka michache ya skuli ya misheni. Alianza kama kibarua wa kuchimba, akawa bingwa wa kutafuta mifupa ambaye maprofesa walimtegemea. Nilikaa sana hapo. Mimi mwenyewe cheti changu ni cha diploma, nami najua namna watu wanavyokupima kwa karatasi.

Najua pia kuna wazazi Waislamu wanaopita ukumbi huu haraka wamewashika watoto mikono. Sisi hatukupita haraka. Niliwaambia wanangu tunalolijua katika dini yetu kuhusu Nabii Adam alayhi salaam, nikawaambia na wanalolisema wanasayansi na kwa ushahidi gani, na kwamba mtoto anayejua imani yake haogopi kusoma kibao. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa madrasa, aliongeza kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame. Basi tukatazama.

Nikawakalisha kwenye benchi nikawasimulia habari ya mtoto mwingine, ambaye ni wa kwetu. Katika kaunti ya Kilifi kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa pamoja na wenzao wa Ujerumani walianza kuchimba huko 2010. Katika 2017 walifikia shimo dogo lenye mifupa iliyolainika mno, ukiigusa inakuwa unga. Wakalimiminia plasta donge zima la udongo, wakalileta hapa Nairobi, kisha likapelekwa Ujerumani na Hispania kuchunguzwa kwa vyombo. Majibu yalitangazwa 2021. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Ni kaburi kongwe kuliko yote yanayojulikana Afrika. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto.

Nikawaeleza alivyolazwa. Alichimbiwa shimo makusudi. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Dalili zinaonyesha mwili ulikuwa umefungwa katika kitu kama majani au ngozi, na kichwa kiliwekewa kitu mfano wa mto.

Mama alikuwa kimya muda wote, nikadhani amesinzia. Akainua uso. "Ubavu wa kulia?" Nikamwambia ndiyo. "Na kavikwa sanda?" Nikamwambia kitu mfano wake. Mamangu amewahi kuzika watoto wawili kabla yangu, jambo ambalo halisemi. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio akasema, "Basi nao walikuwa wakilia." Hakuna mtu aliyesema neno kwa muda.

Swali lenyewe

Tulipomaliza ukumbi wa historia, binti yangu aliniuliza. Alikuwa ameona ngao, vibuyu, mikuki, nguo na vyombo, kila kimoja na kibao chake. Aliniuliza, "Baba, na sisi tukiambiwa tulete kitu cha ukoo wetu kiwekwe humu, tungeleta nini?"

Nilitaka kumtajia Siwa ya Lamu na ile ya Pate, lakini hizo ziko Makumbusho ya Lamu zimetunzwa, na si za ukoo wetu. Yeye aliuliza cha kwetu sisi. Na jibu la kweli nilikuwa nalo, nalo ni la aibu.

Ami yangu, ndugu wa baba, alifariki miaka kumi na minne iliyopita. Katika chumba chake palikuwa na kasha la mbao limejaa karatasi za herufi za Kiarabu. Nyingine zilikuwa juzuu zilizochakaa, nyingine barua, nyingine madaftari ya hesabu ya jahazi, na nyingine, naapa, nilisoma mistari miwili mitatu nikaona ni Kiswahili, ni tungo. Tulikuwa vijana wanne, tuna haraka ya kukirejesha chumba kwa mwenye nyumba. Kama ilivyo desturi kwa karatasi ambazo huenda zina jina la Mwenyezi Mungu, tuliona heshima ni kuzichoma na majivu kuyatia baharini. Tukachoma zote. Hatukutenga msahafu na barua, wala hatukupiga hata picha moja. Sasa sijui tungo zile zilikuwa za nani, na wa kumuuliza hayupo.

Nilimweleza binti yangu hivyo hivyo, pale pale. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Mimi si wa kwanza, najua. Msomaji, huenda na wewe umefanya. Tena sisi huwa wepesi wa kulaumu waliotuchukulia, na tuna haki. Ngoma kuu ya Wapokomo, ngadji, ilichukuliwa na wakoloni na iko British Museum ya London tangu 1908. Vigango vya Mijikenda, ambavyo ni vya kuwakumbuka wazee waliofariki na havifai kuhamishwa, viliibwa kwa mamia vikauzwa Ulaya na Marekani. Viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirejeshwa kwa wenyewe 2007, na vilipatikana kwa sababu mtafiti Monica Udvardy alikuwa amevipiga picha pamoja na mwenyewe kabla havijaibwa. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Vingine 30 kutoka makumbusho ya Denver vilipowasili Nairobi 2019 vilikwama uwanja wa ndege kwa habari ya ushuru. Hayo yote ni ya kupigiwa kelele, na simba wa Chicago waongezwe kwenye orodha. Lakini kasha la ami yangu halikuibwa na Mwingereza. Tulilichoma sisi, kwa kiberiti chetu.

La kufanya

Nikiwa na haki ya kumshauri mtu, ningesema haya. Kabla ya kwenda Nairobi, wapeleke wanao karibu: Ngome ya Yesu, Gede, Lamu kwa anayeweza. Ukienda Nairobi, anza na reli asubuhi, kisha nyaraka kabla hazijafungwa mchana wa Jumamosi, sala na chakula, halafu Makumbusho ya Taifa. Chagua kumbi tatu. Waulize waongozaji, wanapenda kuulizwa. Mchukue mzee mmoja, kwa sababu vitu vingine haviongei mpaka akipita mtu aliyevijua.

Na nyumbani, akifariki mtu, karatasi zisiguswe siku arubaini. Zitengwe. Zenye aya zipewe heshima yake baada ya mtu anayejua kusoma kuzipitia. Barua, hesabu, tungo na picha zipigwe picha kwa simu, nyuma iandikwe nani, wapi, mwaka gani. Simu tunazo, na tunazitumia kupiga picha sahani za biriani.

Katika treni ya kurudi Jumapili, binti yangu alikaa na bibi yake akawasha kinasa sauti cha simu. Akamuuliza jina kamili la babake, alizaliwa wapi, aliingia reli mwaka gani, alikuwa akibeba chakula gani safarini, alirudi nyumbani vipi. Mama alieleza kutoka Emali mpaka Voi. Mengine hayakumbuki, na akasema hayakumbuki. Jina la babu yetu sasa limeandikwa katika daftari la skuli la mtoto wa miaka 14, pamoja na jina la injini.

Tulipofika nyumbani mama alifungua mkoba wake wa leso, chini kabisa, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya reli ya kumstaafisha babake, imekunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo. Alikuwa nayo miaka yote na sisi hatukujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.